Gome la Mninga na Mizani ya Jaribio

Asafiriye kwa barabara ya Itigi kwenda Mbeya, akipita Rungwa, huandamana na miombo mwendo mrefu, na miongoni mwa miti ya huko ulio na heshima kubwa ni mninga, ambao ukitiwa shoka hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu, na gome lake likichemshwa hutoa maji mekundu ambayo tangu zamani hunywewa kwa maradhi ya tumbo. Ukakasi wake, ule unaoukaza ulimi kwa funda la kwanza, ni tanini, na tanini hukaza pia ngozi laini ya utumbo. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama maji hayo yangemfaa mwenye maradhi ya utumbo kukereka, ambaye tumbo humsokota siku nenda siku rudi, leo anahara, kesho hapati choo, na tabibu akitafuta amiba, minyoo na kichocho haoni kitu.

Maradhi haya huja na kuondoka yenyewe, na mtu aghalabu huitafuta dawa siku aliyozidiwa, hata nafuu ambayo ingekuja bila ya dawa ikahesabiwa kuwa fadhila ya kikombe. Mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, maelfu walipanga foleni kunywa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500, na shuhuda zikaenea nchi nzima. Lakini shuhuda, hata ziwe za kweli, hazina mizani.

Mizani ilionekana Mayo Clinic, Marekani, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010: wagonjwa 70 wa utumbo kukereka waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa mmea uitwao St John's wort, wengine vidonge visivyo na dawa, asijue mgonjwa wala tabibu, na wiki 12 zilipotimia, waliokula vidonge visivyo na dawa ndio waliopata nafuu zaidi. Wala mitishamba haishindwi daima: Australia, mwaka 1998, miongoni mwa wagonjwa 116, ile ya Kichina iliishinda dawa bandia iliyofananishwa nayo kwa sura, harufu na ladha.

Hapo ndipo kazi ya mninga ilipo nzito, kwani nani atatengeneza maji mekundu yenye ukakasi ule ule, yasiyo na tanini? Naona afadhali gome lisagwe, litiwe katika kapsuli. Na wataalamu wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1974, wakija kulichukua, wafuatane na mzee aujuaye mti, wabandue upande mmoja tu, kwani mninga uliovuliwa gome pande zote hufa.