Ukingo wa Bustani Using'olewe Mwambani

Ukoka na vitalu vya maua huzipamba nyumba na ofisi zetu, Unguja na Pemba. Ubaya huanza pale ukingo unapotafutwa baharini, tumbawe likang'olewa likiwa hai, likapakwa chokaa na kupangwa mlangoni. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Lenye kimo cha sentimita 20 limechukua miaka ipatayo 20, nalo lilikuwa maskani ya samaki. Matofali ya saruji yapo. Makumbi ya nazi ni rahisi kupatikana, ijapokuwa huoza na mchwa huyapenda. Mchaichai uliopandwa kwa mstari huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na chai ikanywewa. Wakuu wa idara, kabla ya kusifu bustani za ofisi zao, waulize mawe yametoka wapi.