Je, Wajua? Panga lako linaweza kueneza mnyauko wa migomba

Je, wajua kwamba panga la mkulima linaweza kuhamisha mnyauko wa migomba kutoka shina moja hadi jingine? Ugonjwa huu wa bakteria ulionekana Kivu Kaskazini, huko Masisi, mwaka 2001, kisha ukafika Beni na Butembo. Hauna dawa, lakini unazuilika.

Katika mashamba-shule, mbinu ya mafunzo iliyoanzia Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, wakulima hujifunza shambani kwa mikono yao wenyewe:

• Ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Nyuki na wadudu wengine hubeba bakteria kutoka ua hadi ua.

• Pitisha panga kwenye moto, au lioshe kwa maji ya javeli, kabla ya kugusa mgomba mwingine.

• Kata shina linaloumwa peke yake, usawa wa ardhi. Si lazima kung'oa kichaka kizima, kwa kuwa bakteria hawaingii daima katika mashina yote.

Mfundishe na jirani yako: shamba lake likiugua, lako haliko salama.