Kusahau kwa Wazee si Bulozi: Ordinatere Inayosoma Ubongo



Jioni moja vijana wawili walikuja kwangu. «Pasta, mama yetu amekuwa mulozi. Usiku anatoka na kutembea inje, asubuhi anatuuliza sisi ni watoto wa nani.» Walitaka nimwombee, kisha wamfukuze ku nyumba. Nilimjua mama yule. Miaka mingi aliuza unga sokoni, na hakuna mutu aliyeweza kumdanganya kwa hesabu. Sasa noti tatu tu zilimshinda kuhesabu. Je, huyu ni mulozi, ao ni mgonjwa?

UGONJWA WENYE JINA

Mwaka 1901, katika muji wa Frankfurt kule Ujerumani, munganga Alois Alzheimer alianza kumchunguza mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter. Mama huyo alisahau mambo, alimshuku bwana wake, hata kuandika jina lake mwenyewe kulimshinda. Alikufa mwaka 1906. Munganga alitazama ubongo wake kwa mikroskopi, akaona vitu viwili: uchafu ulioganda kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizojisokota ndani ya chembe zenyewe. Mwaka 1910 ugonjwa ule ulipewa jina la Alzheimer.

Angalieni: siku zile ilibidi mgonjwa afe kwanza, ndipo ubongo wake uonekane. Basi, faida gani kwake?

MASHINI NA JICHO LA KUJIFUNZA

Leo iko mashini ya IRM, inayotumia sumaku yenye nguvu kutoa picha ya ubongo bila kupasua kichwa. Inaonyesha kama hipokampasi, sehemu inayosaidia ukumbusho, imepunguka. Iko tena mashini ya TEP. Mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi kidogo. Chembe za ubongo zinakula sukari; pale zilipozoofika zinakula kidogo, na picha inaonyesha hivyo.

Lakini mwanzoni mabadiliko ni madogo sana, na jicho la munganga linaweza kuyapita. Hapo ordinatere inasaidia. Namna gani? Fikiri kijana mupya ku karieri. Siku ya kwanza mawe yote ni sawasawa kwake. Mzee anamwonyesha: hili lina shaba, hili ni bure. Akiisha kushika mawe elfu, jicho lake linatambua lenyewe. Ordinatere vilevile: inaonyeshwa picha nyingi za watu ambao mwisho wao umekwisha kujulikana, nani alipata ugonjwa na nani hakuupata, mpaka inajua alama.

Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, kule San Francisco, walitangaza kazi yao. Walikuwa na picha za TEP zaidi ya 2,100 za watu karibu 1,000, na sehemu kubwa ya picha hizo waliifundisha ordinatere. Kisha waliijaribu kwa watu 40 ambao haijawaona hata mara moja. Iliwatambua wote waliokuja kupata Alzheimer, kwa kadiri ya miaka sita mbele ya wanganga kuhakikisha ugonjwa.

Ni ajabu, lakini tusipige makofi upesi. Watu 40 ni wachache. Tena, kwa hesabu ile, kati ya watu 100 wasio na ugonjwa huu, 18 wangeambiwa kwamba wanao. Kwa hiyo ordinatere haikati maneno. Munganga anapaswa kumsikiliza mgonjwa na jamaa, kupima ukumbusho wake na damu yake.

KUJUA MAPEMA KUNASAIDIA NINI?

Dawa ya kuponyesha Alzheimer haijapatikana. Mwaka 2023 Marekani ilikubali kabisa dawa ya lecanemab. Inapunguza mwendo wa ugonjwa kidogo, kwa wale walio mwanzoni tu, na inaweza kuleta uvimbe ao kutoka damu ndani ya ubongo.

Lakini kujua mapema kunampa mzee nafasi ya kusema mambo ya shamba, ya nyumba na ya madeni wakati akili yake ingali. Tena, si kila kusahau ni Alzheimer. Tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini, huzuni nzito, hata dawa fulani zinaweza kuchafua akili, na hayo yanatunzwa.

Huko Kinshasa wachunguzi wamekwisha kupima wazee kwa IRM na kwa damu. Kwetu ku mugodi wengi hawataona mashini hizo. Basi, macho ya kwanza ni yenu, vijana. Mzee akirudilia ulizo moja mara kumi, akipotea njia anayoijua, akishindwa na feza, mpelekeeni munganga.

Amri ya kuheshimu baba na mama haisemi: wakati wangali wanakumbuka majina yenu.

Mama yule tulimpeleka. Munganga hakuwa na mashini. Alimpima damu, akauliza maulizo mengi, akatueleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Sasa usiku wanafunga mlango, na mjukuu anamfuata popote. Majina yao angali anayasahau. Lakini ku nyumba ile hakuna tena anayemwita mulozi.