Sira za wanawake watukufu: Tusome maisha yao, tusiishie kwenye sifa

Ukimwuliza binti wa madrasa akutajie wanawake bora katika Uislamu, atakutajia bila ya kusita: Bibi Khadija, Bibi Fatma, Bibi Aisha, Bibi Asia na Bibi Maryam. Mwulize sasa akueleze siku moja tu katika maisha ya mmojawapo: alifikwa na nini, alisema nini, nani alimpinga na nani alisimama naye. Hapo ndipo ukimya huanza. Kosa si lake. Sisi wakubwa tumempa majina na sifa, tukamnyima maisha yenyewe. Tumemwambia kwamba walikuwa wachamungu, wenye subira na wenye haya, kisha tukafunga kitabu.

Makala yetu ya leo inahusu usomaji wa sira za wanawake waliotajika katika historia, pamoja na zile kumbukumbu walizozisimulia au kuziandika wao wenyewe. Wapo wanaodhani kwamba kuandika habari za wanawake ni mtindo uliotujia kutoka Ulaya. Dhana hiyo haina msingi. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 Hijria (845), alipotunga kitabu chake cha Tabaqat aliitenga juzuu ya mwisho kwa ajili ya wanawake. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), alikusanya katika kitabu chake cha al-Isaba majina ya wanawake zaidi ya 1,500. Mwanafunzi wake, as-Sakhawi, aliandika juzuu 12 juu ya watu wa karne yake, na juzuu nzima ya kumi na mbili ni ya wanawake, zaidi ya 1,000 kwa idadi.

Linalotushangaza katika kazi ya as-Sakhawi si wingi wa majina, bali ni ukweli wake. Humo utasoma kwamba bibi fulani alisoma kwa fulani na akapewa ijaza, na papo hapo utasoma kuwa aliolewa, akaachika, akaolewa tena. Mwandishi hakuona kwamba talaka inamshushia mwanachuoni wa kike hadhi hata aifiche. Ni wangapi miongoni mwetu leo wangethubutu kuyataja hayo katika risala ya kumsifu bibi aliyefariki?

Chukua mfano wa Karima binti Ahmad al-Marwaziyya, mzaliwa wa pande za Marw, katika nchi ambayo leo inaitwa Turkmenistan. Bibi huyu aliishi Makka na alikuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Sahih al-Bukhari katika zama zake, hadi alipofariki mwaka 463 Hijria (takriban 1070). Al-Khatib al-Baghdadi, mwanahistoria mashuhuri wa Baghdad, alipokwenda kuhiji alimsomea kitabu hicho kwa siku tano. Tungeweza kuishia hapo na kusema "alikuwa mwanachuoni mkubwa," nasi tungekuwa tumeongeza sifa nyingine juu ya sifa.

Lakini adh-Dhahabi ametuhifadhia jambo dogo lililo bora kuliko sifa hizo. Mwanafunzi mmoja alifika kwa Karima, naye akamtolea nakala yake ya Sahih. Mwanafunzi akaketi mbele yake, akanakili karatasi saba, kisha akataka kwenda kuzilinganisha na asili peke yake. Karima akakataa. Ilikuwa lazima alinganishe pamoja naye, neno kwa neno, mbele yake. Katika tukio hilo moja msomaji anamwona mwalimu mzima: ukali wake, uaminifu wake, na jinsi alivyojua kuwa kosa la herufi moja katika nakala ya mwanafunzi lingeweza kusafiri miji na miaka. Binti anayesomea udaktari au uhasibu ataelewa mara moja somo hilo, kuliko akiambiwa tu kwamba Karima alikuwa mchamungu.

Na iwapo tunatafuta mwanamke wa mwanzo katika umma huu kusimulia maisha yake kwa kinywa chake, hatuna haja ya kwenda mbali. Tusome Hadithi ya Ifk, yaani ule uzushi aliozuliwa Bibi Aisha (R.A.) wakati wa kurudi kutoka vita vya Banu Mustaliq, mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijra. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na miongoni mwa waliomsikia akiisimulia ni Urwa bin Zubayr, mtoto wa dada yake. Wengi wetu tunaijua kwa muhtasari: alizuliwa, Qur'ani ikamtakasa katika Sura an-Nur. Muhtasari huo ni sahihi, ila umeacha nje karibu kila kitu alichokisema yeye.

Bibi Aisha anaeleza mkufu wake wa shanga za Dhafari ulivyokatika, akarudi kuutafuta. Anaeleza kuwa waliobeba kipando chake hawakugundua kwamba kilikuwa kitupu, kwa sababu wanawake wa wakati ule walikuwa wepesi, chakula chao kidogo, naye alikuwa bado msichana. Anaeleza kwamba aliporejea Madina aliugua mwezi mzima asijue watu wanasema nini, alichokigundua ni kuwa Mtume (S.A.W.) hakumwonyesha ule upole aliouzoea kila anapougua. Habari akazipata usiku mmoja alipotoka pamoja na Ummu Mistah kwa haja, kwani vyoo havikuwa vimejengwa karibu na nyumba. Ummu Mistah akajikwaa katika nguo yake akamlaani mwanawe mwenyewe, na Bibi Aisha akamkataza, kwa kuwa kijana huyo alipigana Badr. Ndipo akaambiwa kwamba kijana huyo ni mmoja wa wanaoueneza uzushi.

Akalia hadi akadhani ini lake litapasuka. Mwanamke mmoja wa Kiansari akaomba idhini ya kuingia, akaketi, akalia pamoja naye. Hatutajiwi jina lake wala neno alilolisema. Sisi, kila tunapoisoma Hadithi hii, husimama hapo. Katika mji uliojaa maneno, alikuwapo jirani aliyekuja bila ya maneno, na Bibi Aisha, miaka mingi baadaye alipokuwa mwanachuoni anayeulizwa na masahaba wakubwa, hakumsahau.

Mtume (S.A.W.) alipokuja kumwuliza, Bibi Aisha alimtaka baba yake amjibie, na Sayyidna Abubakar (R.A.) akasema hajui la kujibu. Akamtaka mama yake, naye akasema vivyo hivyo. Basi akajibu mwenyewe. Akataka kupiga mfano wa Nabii Yakubu (A.S.) na kwa uchungu jina likampotea, akasema tu "baba yake Yusuf." Zikateremka aya, na mama yake akamwambia ainuke amwendee Mtume, akakataa, akisema kwamba hatamshukuru yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu. Pia alikiri kwamba alikuwa akitarajia labda Mtume ataoteshwa ndoto. Hakujiona kuwa ni mtu wa kuteremshiwa Qur'ani isomwayo.

Tazama basi tulichompokonya yule binti wa madrasa. Msichana anayesingiziwa shuleni au mtaani, ambaye hata wazazi wake wamekosa la kusema, tunamwambia asubiri kama Bibi Aisha alivyosubiri. Hatumwambii kwamba subira hiyo ilikuwa na kilio, na hasira, na ulimi uliojitetea mbele ya watu aliowapenda kuliko wote. Wapokezi wa Hadithi hawakuyafuta hayo kwa kuogopa kumpunguzia heshima. Iweje sisi tuyafute?

Kusoma sira kunataka vilevile ile tabia ya kuuliza: nani kasema, na kapokea kwa nani? Siku hizi zinazunguka sana habari za Fatima al-Fihri, anayesemekana kuujenga msikiti wa Qarawiyyin mjini Fas mwaka 245 Hijria (859). Ni habari nzuri na huenda ikawa kweli, lakini imetufikia kupitia Ibn Abi Zar, aliyeandika katika karne ya 14, zaidi ya miaka 450 baadaye, na wapo wanahistoria wanaoitilia shaka. Rabia al-Adawiyya, aliyefariki Basra mwaka 185 Hijria (801), naye mengi ya visa vyake vinavyopendwa yamo katika kitabu cha Attar, aliyekuja karne nne baadaye. Hatusemi visa hivyo visisomwe. Tunasema visisomwe kwa uzito ule ule wa habari ya Karima, ambaye wanafunzi wake waliandika majina yao. Wanawake waliothibiti hawapungui hata tuhitaji kutegemea walio na shaka. Sheikh Mohammad Akram Nadwi, mwanachuoni wa Kihindi aishiye Oxford, alipoanza kutafuta wapokezi wa kike wa Hadithi alitarajia kupata 20 au 30. Kazi yake ilipochapwa mwaka 2021 ilifika juzuu 43, ikiwa na wanawake wapatao 10,000.

Katika zama za karibu, aliyeziunganisha kazi zote mbili, ya kuandika sira za wengine na kuandika maisha yake, ni Dakta Aisha Abd al-Rahman wa Misri (1913-1998), ajulikanaye kwa jina la Bint al-Shati. Vitabu vyake juu ya wake wa Mtume (S.A.W.), mabinti zake na mama yake vilisomwa kote katika nchi za Kiarabu. Mwaka 1967, baada ya kufiwa na mumewe, Amin al-Khuli, alitoa kumbukumbu zake. Humo anasimulia utoto wake mjini Dimyat, na baba yake, mwanachuoni, ambaye hakutaka binti yake aende katika shule za serikali. Anamwandikia baba huyo kwa mapenzi na heshima, huku akieleza jinsi alivyohangaika kuvuka kizuizi alichowekewa. Hakumfanya adui wala hakumficha.

Hapa pwani kwetu ipo kumbukumbu moja ambayo kuitaja katika ukurasa huu kutawaudhi baadhi ya wasomaji. Ni ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na Mjerumani. Kitabu chake kilichapwa Berlin mwaka 1886. Kuritadi kwake hatukuhalalishi. Pia humo anautetea utumwa kwa hoja zinazomfanya msomaji wa leo ainamishe uso. Pamoja na hayo, ni nani mwingine aliyeishi ndani ya Mtoni na Beit al-Sahel akatuachia habari zake kwa kalamu ya mwanamke? Anaeleza kwamba mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani bila ya kufundishwa kuandika, naye akajifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa kujua kwake kuandika ndiko alikoingizwa katika njama za Sayyid Barghash dhidi ya Sayyid Majid mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, awe mwandishi wa barua. Mzazi anayekisoma kitabu hicho pamoja na binti yake na kujadiliana naye anafanya vizuri zaidi kuliko anayemwacha akiokote peke yake.

Sasa tujiulize juu ya wale ambao hawakuondoka. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mke wa Sheikh Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Utendi huo umechapwa na kufundishwa vyuoni, na wapo wanaousifu na wanaougombeza. Maisha ya mtunzi mwenyewe, mjane wa mtu aliyewapinga masultani wa Unguja miaka nenda miaka rudi, hayajazi kurasa chache. Marehemu Shaaban Robert alilitambua pengo hili alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba aliyefika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake. Asiyependa taarabu anaweza kuziruka nyimbo; maisha ya mwanamke yule yanamstahiki kila msomaji.

Kisha kuna kitabu ambacho tungependa kukiona katika kila maktaba ya madrasa: Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichotolewa mwaka 1991 na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Ndani yake Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa wanasimulia kwa lugha yao wenyewe: harusi, lelemama, utumwa na uungwana. Hawakuwa malkia. Waliulizwa, wakajibu, na aliyewauliza alikuwa na subira ya kusikiliza.

Waalimu wa kike wa vyuo vya Qur'ani wa Tanga, Bagamoyo, Lamu, Pemba na Kilwa, waliosomesha vizazi vitatu kwenye baraza na jamvi, wengi wao wanazikwa bila ya mtu kuandika ukurasa mmoja. As-Sakhawi angeuliza: alizaliwa wapi, alisoma kitabu gani na kwa nani, aliolewa na nani, nani walisoma kwake? Maswali hayo hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Daftari na simu yenye kinasa sauti vinatosha. Aanze yule ambaye bibi yake yu hai, Ijumaa hii baada ya sala, na jina la kwanza kuandikwa liwe la yule aliyemfundisha bibi alifu.