Maktaba na Filamu za Mtandaoni: Tunanunua au Tunapanga?

Maktaba ikinunua kitabu, hukigonga muhuri na kukiweka kwenye rafu. Kimekuwa mali yake. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inaitazama vivyo hivyo filamu iliyo kwenye DVD: mwenye nakala halali anaweza kuiazimisha bila kuomba ruhusa. Lakini kwa filamu inayotazamwa mtandaoni, maktaba hulipia leseni tu, kama mpangaji anavyolipia chumba. Tuangalie njia tatu zinazotumiwa na maktaba za vyuo vikuu nchini humo.

Njia ya kwanza ni usajili. Chuo hulipa ada ya mwaka na kupata maelfu ya filamu kwa pamoja. Gharama hujulikana mapema, ila ada ikikoma, filamu zote huondoka.

Ya pili ni kulipia kinachotazamwa. Njia hii ilienezwa na Kanopy, kampuni iliyoanzia Australia mwaka 2008. Wanafunzi hufunguliwa orodha nzima. Filamu ikitazamwa mara nne, kila mara kwa sekunde 30 au zaidi, maktaba hudaiwa leseni ya mwaka mmoja. Kwa muda mrefu bei yake ilikuwa takriban dola 150 kwa filamu moja. Kisichotazamwa hakilipiwi, na hilo linavutia. Hata hivyo, mwanafunzi anayebofya hajui kwamba anaiongezea maktaba deni. Bili zilipopanda, vyuo kadhaa viliamua kwamba mkutubi aidhinishe kwanza kila ombi.

Ya tatu, chuo hutanguliza kiasi fulani cha fedha, wanafunzi hutazama kwa mwaka mzima, kisha wakutubi huangalia takwimu za matumizi na kuchagua filamu za kubaki nazo, zenye thamani ya fedha ile.

Fedha hizo kwa kawaida hutoka katika bajeti ileile ya vitabu na majarida, hivyo filamu ikiongezeka, kitu kingine hupungua.

Sisi tunaosoma falsafa tunaliona hapa swali la zamani: je, kinachotamaniwa na wengi ndicho chema? Idadi ya watazamaji hutuambia kinachohitajika leo, lakini haitoshi kutuambia kipi kitunzwe kwa ajili ya mwanafunzi wa miaka ishirini ijayo. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, maktaba iulize: nani ataidhinisha matumizi, bili itaishia wapi, na mkataba ukiisha, tutabaki na nini?