Ng'ombe wa Septemba

Nikiingia bucha ya Nachingwea na kipimo changu cha asidi mkononi, swali la kwanza huwa moja: "Umetumwa kuja kutufungia?" Najibu kwamba mimi si bwana afya. Nimesomea lishe ya mifugo na ubora wa nyama pale Sokoine, Morogoro. Kazi yangu ni kujua ng'ombe alikula nini, siku yake ya mwisho ilikwendaje, na hayo mawili yameifanya nini nyama inayoning'inia kwenye ndoana.

Kipimo chenyewe kina ncha kama msumari, na huchomwa kwenye sarara. Msuli wa mnyama aliye hai husoma karibu 7. Akishachinjwa, sukari iliyowekwa akiba msulini, iitwayo glaikojeni, hugeuka asidi, na katika muda wa siku moja namba hushuka hadi kati ya 5.4 na 5.8. Nyama ya namba hiyo ni nyekundu ya kupendeza na hukawia kuoza. Namba ikigoma juu ya 6, nyama huwa nyeusi, kavu, ya kunatanata, na huharibika mapema. Muuzaji atakwambia ng'ombe huyo alikuwa mzee. Mara nyingi umri hauhusiki. Ni mnyama aliyeswagwa kutwa nzima juani, akalazwa bila maji kwenye zizi geni pamoja na madume yanayopigana, akiba yote ikaishia njiani. Kisu kilipofika, hakukuwa na sukari ya kugeuka asidi.

Akiba hiyo hujengwa na chakula, na hapo ndipo Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, inapotuumiza.

Nachingwea na Ruangwa si nchi ya ng'ombe kwa asili. Mbung'o na ugonjwa wa nagana waliwaweka mbali. Waingereza walipoleta mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, walifyeka pori Nachingwea na Kongwa. Mradi ulipovunjika mwaka 1951, Kongwa iligeuka kuwa ranchi, sisi tukabaki na mikorosho, ufuta na mbaazi. Makundi makubwa yalianza kuingia mkoa wa Lindi baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Ugomvi wa ng'ombe na mashamba naujua, nimeshaukalia vikao, ila hapa naandika juu ya tumbo la ng'ombe.

Tumbo lake la kwanza ni makazi ya vijidudu vingi ajabu, na hao ndio wanaomeng'enya nyasi. Vijidudu nao wana njaa yao, hasa ya protini. Nyasi zikikauka hadi protini kushuka chini ya asilimia 7, vijidudu hulegea, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hula kidogo zaidi hata akisimama katikati ya malisho. Mtu anaona nyasi ndefu za kahawia, anadhani mnyama ameshiba. Kwa kweli anajila mwenyewe: kwanza mafuta, kisha msuli.

Na kuanzia Septemba hiyohiyo, mabibo, yale matunda ya mkorosho, huanza kudondoka. Kila kilo 1 ya korosho huja na kilo 5 hadi 10 za mabibo, kwa hiyo mkulima anayepeleka tani moja ghalani ameacha tani tano au zaidi zikioza chini ya miti. Mzee mmoja wa Ruangwa alinikuta nikiyaokota shambani kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kupika pombe ya uraka?"

"Hapana, babu. Nataka ng'ombe wale."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikwisha kuona mbuzi waliolewa mabibo yaliyochacha wakiyumba kama watu wa kilabuni, na hakosei. Mnyama akiyavamia mengi kwa pupa, sukari yake huchachuka tumboni, akaugua, hata akafa. Tena zaidi ya asilimia 80 ya bibo ni maji, na ule ukakasi unaokausha ulimi huishika protini isimeng'enywe vizuri. Ndiyo maana tunayakamua kwanza. Maji watu wanywe, machicha tuyaanike, au tuyachanganye na pumba za mahindi na kuyashindilia kwenye pipa lisiloingiza hewa kwa wiki tatu hivi. Hapo yanapatikana malisho ya kutia nguvu. Maganda magumu ya korosho yasisogezwe karibu: mafuta yake huunguza mikono ya wabanguaji, sembuse utumbo.

Protini tunaitafuta kwingine. Makapi na majani ya mbaazi yapo baada ya mavuno, na wengi huyachoma. Mashudu ya ufuta ni bora kuliko yote, protini yake hufika hata asilimia 40, lakini ufuta wetu mwingi hupanda meli ukiwa mbegu, na mashudu hubaki huko unakokamuliwa. Hilo linaniudhi kuliko nzi wa machinjioni.

Bucha zetu huuza nyama asubuhi ileile ya kuchinja, ikiwa bado ya moto, na nyingi huingia sufuriani msuli ukiwa katikati ya kukakamaa. Kuilaza kwenye baridi ya nyuzi 4 kwa wiki moja kungeilainisha sana. Chumba cha baridi hicho hatuna. Akina mama wanatumia papai bichi, na kisayansi wako sawa: utomvu wake hukata nyuzi za msuli.

Mwaka huu mfugaji mmoja aliniuliza, "Daktari, nikimlisha miezi mitatu, mchinjaji atanilipa nini zaidi?" Ana haki ya kuuliza. Mnadani ng'ombe hununuliwa kwa macho, hakuna mzani, na hakuna anayelipia ulaini. Faida yake iko kwenye kilo tu, na takriban nusu ya uzito wa ng'ombe ndiyo inayofika buchani. Nilimshauri aanze na wawili mabibo yanapoanza kudondoka, awauze mwishoni mwa Desemba, fedha za korosho zikiwa mikononi mwa watu, na awafikishe machinjioni kwa gari, siku moja kabla ya kuchinjwa, penye maji.