Kinga ya Mtoto na Haki ya Kusikilizwa

Hapana mzazi atakayeridhia mwanawe akabidhiwe kwa mtu asiyeaminika. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeweka utaratibu wa kuwachunguza wanaotaka kufanya kazi na watoto, na kuwazuia wale wanaoonekana kuwa ni hatari. Lakini je, aliyezuiwa apeleke wapi shauri lake?

Uingereza imelijibu swali hilo baada ya msiba. Mwezi wa Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunzaji wa majengo ya shule. Uchunguzi wa Sir Michael Bichard wa mwaka 2004 ulidhihirisha kwamba polisi wa kule alikotoka muuaji walikwisha kupokea tuhuma kadhaa juu yake, lakini habari hizo hazikuifikia shule. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 2006, yenye orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro. Kwa makosa fulani, mtu aliingizwa orodhani kwanza, ndipo akatakiwa kujieleza. Wauguzi kadhaa na chama chao walifungua kesi, na Novemba 2010 Mahakama Kuu mjini London ikaamua kwamba kumfungia mtu namna hiyo kabla ya kumsikiliza ni kuvunja haki zake. Mwaka 2012 Bunge likairekebisha sheria.

Leo aliyefungiwa anaweza, akipata ruhusa, kukata rufaa. Baraza la rufaa hutazama iwapo sheria imekosewa au ukweli wa mambo umekosewa. Halitengui uamuzi kwa kuupendelea mwingine tu. Likiona kosa, huagiza jina lifutwe au shauri liamuliwe upya.

Nasi hapa Visiwani, Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inaitambua haki ya kusikilizwa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inatanguliza maslahi ya mtoto. Mambo mawili hayo hayagombani. Ofisa anayemzuia mwalimu au mlezi ampe sababu kwa maandishi, amsikilize, kisha amwonyeshe njia ya rufaa. Hiyo si huruma kwa mkosaji. Uamuzi wa upande mmoja huanguka mahakamani, na ukianguka, aliye hatari hurejea kazini sambamba na asiye na hatia. Hapo atakayepata hasara ni mtoto.